Chozi uani: jinsi ya kujua anachokula, na jinsi ya kumlisha

Kusi likianza kuvuma na mikorosho ikianza kutoa maua, huwa sikosi jirani wa kuniuliza: "Hivi yule ndege mdogo anayeng'aa anakula nini? Nimemmwagia mchele, wala hautazami." Hautazami kwa sababu mchele ni wa shomoro. Yule ni chozi. Mdomo wake ni mwembamba, umepinda kwa chini kama sindano iliyokunjwa, na hauwezi kumenya punje hata moja.

(Ukimtafuta kwenye simu, andika "ndege chozi". Ukiandika chozi peke yake utaletewa mashairi ya mapenzi na watu wanaolia.)

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye uani wa kawaida wa Mtwara au Lindi: mgomba unaokunywa maji ya bafuni, mpapai, kamba ya nguo, labda mlonge kwenye uzio. Darubini si lazima. Tafuta daftari, kigoda, na wiki moja ya subira kabla hujagusa sukari.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chozi

Pwani yetu ina chozi wa aina kadhaa, na ulaji wao unafanana, kwa hiyo usihangaike sana na majina. Watatu utawaona mapema. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 10 na kidogo. Dume lake ni la kijani linalong'aa kichwani na mgongoni, kifuani lina mshipi wa zambarau, tumbo jeusi. Wa pili ni mkubwa, karibu sentimita 15, mweusi mwenye kifua chekundu kama pilipili iliyoiva na paji la kijani. Huyu ndiye mbabe wa uani. Wa tatu ni mdogo, mgongo wa kijani na tumbo la njano, na mdomo wake ni mfupi kuliko wa wenzake. Huo ufupi wa mdomo uweke akilini.

Majike wa aina mbili za mwanzo ni wa kahawia, hawang'ai, ndiyo maana watu hudhani ni ndege wengine kabisa. Ukiona ndege mwenye kichwa cheusi na unjano chini ya mkia anadonoa papai lililoiva, huyo ni shore. Wa njano anayechana majani ya mnazi ni mnana. Hao wana habari zao.

Hatua ya 2: Keti, tazama, andika

Amka mapema. Toka saa 12 na nusu asubuhi, ukae mpaka saa 2. Chozi wadogo wana uzito wa gramu 7 hivi, yaani hawazidi sana korosho moja ghafi yenye ganda lake, na mwili mdogo namna hiyo hauna pa kuweka akiba kubwa. Usiku kucha umetumia kilichokuwemo, kwa hiyo asubuhi analazimika kula mfululizo. Jioni kuanzia saa 10 anarudia. Adhuhuri, jua likiwa kali, utaketi bure.

Kwenye daftari chora safu tatu: ua, mdudu, sijui. Kila chozi anapokula kitu, weka alama. Hiyo safu ya "sijui" usiidharau. Ndiyo itakayokuokoa usijidanganye.

Mimi nilijidanganya. Siku yangu ya kwanza niliandika ua mara tisa, mdudu mara moja, nikafunga daftari nikiamini nimemaliza kazi. Nilikuwa nimekaa nimeelekea haibiskasi, basi nikaona ya kwenye haibiskasi. Kesho yake kiti nikakisogeza kando ya bafu, pale unapoona upenu na chini ya majani ya mgomba. Akaja jike, yule wa kahawia asiyetazamwa na mtu. Akasimama hewani mbele ya utando wa buibui, mabawa yakitetemeka, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Akachomoa buibui katikati ya utando kama mtu anavyochomoa mwiba, akatua kwenye kamba ya nguo, akambamiza mara mbili na kummeza. Utando ukabaki unachezacheza. Kabla ya saa 2 alikuwa amepita pale mara nne.

Ili ujue uweke alama safu gani, tazama hivi.

Anakunywa maji matamu ya ua, yaani mbochi, ikiwa mdomo umezama ndani ya ua, koo linacheza, na hakai zaidi ya sekunde moja au mbili kabla ya kuhamia ua jingine. Ulimi wake ni mrefu, umejikunja kama mrija na ncha yake imechanika. Anautoa ukipita mbele ya mdomo na kuutumbukiza mpaka chini yaliko maji. Mara nyingi utamwona ametua kwanza, kashika kikonyo cha ua, wakati mwingine kichwa chini miguu juu. Kusimama hewani anaweza, ila hakumpendezi. Ni kazi ya kuchosha. Akitoka na paji la njano, hiyo ni chavua, na ua atakalofuata litaipokea.

Anakula wadudu ikiwa anarukaruka tawi hadi tawi akigeuza kichwa kutazama chini ya majani. Hapo anaokota vidukari na viwavi vidogo. Akiruka juu ghafla na kurudi palepale, amedaka kijidudu kinachopita. Akiganda hewani mbele ya ukuta au upenu, tafuta utando; hutaukosa.

Kuna na jambo la tatu linalochanganya. Okota ua la haibiskasi lililodondoka, ligeuze, utazame kitako chake. Ukikuta tundu au mpasuko mdogo pembeni, chozi mwenye mdomo mfupi amepita mlango wa uani: ametoboa ua kwa nyuma, akanywa mbochi, akaondoka bila kugusa chavua. Ua limeliwa halikulipwa. Lakini usimhukumu kwa tundu moja, maana hata wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hufanya wizi huohuo.

Ukifika siku ya saba, jumlisha. Kama safu ya mdudu bado ni tupu, hamisha kiti.

Hatua ya 3: Hesabu chakula ulichonacho tayari

Zunguka uani kama mtu anayehesabu kuku jioni. Pengine tayari una meza iliyoandaliwa.

Mgomba ndio wa kwanza. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu kama moyo hufunua ganda moja baada ya jingine, na kila ganda likifunuka kuna safu ya maua mapya yenye mbochi mwingi. Wengi hulikata mapema ili ndizi zinenepe. Si vibaya, ila ukiwa na migomba mitatu, mmoja uuache na ua lake.

Mpapai dume huuawa kwa kosa la kutozaa. Kabla hujaukata, tazama vile vishada virefu vya maua meupe asubuhi. Mlonge nao, ambao watu huuthamini kwa majani na mbegu, huchanua maua ya rangi ya maziwa yanayopendwa sana na chozi. Mzambarau ukichanua unalisha chozi, nyuki na vipepeo kwa pamoja, na kelele yake unaisikia kabla hujafika chini yake. Mnazi nao una chakula pale karara linapofunguka, ila ni juu mno, shingo itauma.

Halafu kuna kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya mkorosho au mwembe na kunyonya maji ya mwenyeji wake. Maua yake marefu membamba kama vijiti vya kiberiti yameumbwa kwa ajili ya chozi hasa. Kuna aina ambazo ua hukaa limefumba likimngoja: akilibana na mdomo linapasuka na kumrushia chavua usoni. Ukiliona mara moja hutalisahau. Sasa, mkorosho unaokulipia ada ya watoto, kirukia chake kikate, tena mapema, maana tawi litakauka. Kikiota kwenye mti wa uzio ambao hauna faida nyingine, mimi hukiacha.

Mikorosho yenyewe huchanua kiangazi, kuanzia Juni na kuendelea, na chozi huingia humo kufuata hata vijidudu vinavyovutwa na maua yale madogo. Hapa ndipo wakulima huniuliza kuhusu dawa. Salfa inapulizwa kuzuia ubwiriunga, ambao ni ukungu, na kazi yake si kuua wadudu. Dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, ni habari nyingine: hiyo inaua wadudu, na chozi anawala wadudu. Simwambii mtu aache kupulizia korosho zake. Namwambia asimalizie mabaki ya bomba kwenye maua ya uani, jambo ambalo nimeliona likifanywa mara nyingi mno, ati dawa isipotee.

Hatua ya 4: Mwache buibui

Kama utafuata hatua moja tu, fuata hii.

Mama wa nyumba ya pili aliniona naacha utando kwenye upenu akaniita pembeni. "Mwanangu, nyumba yenye buibui watu watasema haina mtu." Nikamwambia, "Shikamoo mama, ndani nafagia. Nje hapa namwekea mgeni." Akacheka, lakini nilipopita wiki iliyofuata nikaona fagio lake nalo limeishia mlangoni.

Basi iwe hivyo: ndani fagia, nje acha. Upenu wa bafu, pembe za uzio, nyuma ya tangi la maji. Buibui ni nyama ya chozi, na chozi anahitaji nyama. Mbochi ni sukari na maji. Unampa nguvu ya kuruka, haumjengi msuli wala unyoya. Kinda hulishwa buibui na wadudu laini karibu muda wote awapo kiotani. Kisha nyuzi za utando huohuo ndizo jike anazitumia kufunga kiota chake. Ukifagia utando umemnyima chakula na kamba kwa mpigo mmoja.

Na ile dawa ya mbu ya kopo, ibaki chumbani. Ukiipuliza kwenye maua jioni, asubuhi hakuna atakayekuja, au atakuja akute vidukari waliokufa kwa sumu.

Hatua ya 5: Panda kwa kufuata majira

Kwetu mvua ni moja: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Kila utakachopanda kiwe ardhini mvua inapoanza, kikomae mizizi kabla ya kiangazi.

Haibiskasi: kata kijiti cha sentimita 20 kutoka tawi lililokomaa, ondoa majani ya chini, zika nusu yake. Chagua yenye ua la petali tano zilizo wazi. Zile zilizojikunja nyingi kama waridi ni nzuri kwa picha, lakini mdomo hauoni njia.

Mshubiri: ng'oa vichipukizi vinavyoota pembeni mwa mama yao, viache kivulini siku mbili jeraha likauke, ndipo upande. Unavumilia mchanga wetu wa pwani bila malalamiko. Mara nyingi mshumaa wake wa maua hutoka kiangazi, wakati vitu vingine vimekauka, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Mlonge: mbegu au tawi, vyote vinashika. Ukitunzwa vizuri unaweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja. Ukate ncha ungali mfupi, la sivyo utapanda kwenda juu na maua yako utayatazamia mawinguni.

Juni hadi Oktoba elekeza maji ya kuogea kwenye mashina. Ukimaliza kumwagilia, rusha maji kidogo juu ya majani mapana ya mgomba. Chozi hujisugua kwenye jani lililolowa, huko ndiko kuoga kwake. Beseni la maji utamwachia shore.

Hatua ya 6: Maji ya sukari, kama huwezi kujizuia

Najua hii ndiyo hatua uliyoirukia. Sikatazi. Nasema tu kwamba maji ya sukari ni chai bila kitafunwa; yanafaa pale maua yamepungua, Septemba na Oktoba hasa, au unapotaka mtoto amwone chozi kwa karibu. Uani usio na buibui wala maua, chupa ya sukari haitamfanya akae.

Kipimo: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne au vitano vya maji. Chemsha maji, koroga sukari iyeyuke, acha yapoe kabisa. Kwa siku moja huhitaji hata nusu kikombe cha mchanganyiko huo, kwa hiyo pima kwa vijiko: kimoja cha sukari, vitano vya maji, rudia mara mbili. Usizidishe utamu ukidhani unamkirimu.

Asali usitumie, hata kama ni ya Liwale na umeletewa na mjomba. Ikichanganywa na maji kwenye joto letu huchacha na kuota ukungu upesi. Usitie rangi nyekundu. Kama unataka kumvutia, funga kitambaa chekundu kwenye chupa. Sukari bandia ya wagonjwa haina nguvu yoyote ndani yake, ni kumdanganya.

Chombo: chupa ndogo ya plastiki ya dawa, iliyooshwa vizuri, inatosha. Toboa matundu mawili ya msumari mwembamba karibu na kifuniko, jaza, ning'iniza imelala kidogo. Funga kijiti chini ya matundu ili apate pa kutua. Iwe kwenye kivuli, juu kuliko paka anavyoweza kuruka, na kiangazi itundike upande wa kaskazini wa nyumba, maana kusi likiipata litaitikisa mpaka iishe kabla ndege hajafika.

Ibadilishe kila siku. Hapa nina ushahidi. Nilisafiri kwenda Masasi siku mbili, chupa nikaiacha juani. Nikarudi nikaikuta imetoa povu, inanuka kama tembo la mnazi lililolala, na sisimizi wamejipanga kwenye waya kama foleni ya mizani wakati wa mauzo ya korosho. Chozi alikuwa amekaa kwenye mlonge ananitazama. Toka siku hiyo: ukisafiri, shusha chupa. Osha kwa maji ya moto na brashi ndogo, suuza mpaka hakuna harufu ya sabuni.

Sisimizi usiwazuie kwa grisi kwenye waya, manyoya yakiigusa hayatakati. Toboa kifuniko cha chupa kubwa katikati, pitisha waya, ziba tundu kwa nta ya mshumaa, jaza maji. Kinakuwa kisima kidogo juu ya chupa ya sukari, na sisimizi hawavuki. Maji moto, wale sisimizi wekundu wa mikoroshoni, ni wakali zaidi. Wao wakishafika, hamisha chupa mbali na tawi.

Hatua ya 7: Amua ugomvi

Yule mwenye kifua chekundu akiigundua chupa ataikalia siku nzima, hata akiwa ameshiba, akiwafukuza wadogo. Kumfukuza hakusaidii. Weka chupa ya pili upande wa pili wa nyumba, pasipoonekana kutoka ya kwanza. Hawezi kulinda asichokiona. Ni hivyohivyo kwa mimea: vichaka viwili vya haibiskasi vilivyoachana vinalisha chozi wengi kuliko kimoja kikubwa.

Ugomvi mwingine ni wa kioo. Dume huona sura yake kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, akadhani ni mwenzake ameingia mpaka wake, na atapigana nayo asubuhi nzima badala ya kula. Vika kioo soksi. Kijana wa bodaboda anayelaza pikipiki kwangu alinicheka, ila baada ya kusafisha mavi ya ndege siku tatu mfululizo alileta soksi mwenyewe.

Hatua ya 8: Wakiweka kiota

Ukimlisha vizuri, siku moja utaona mfuko mdogo wa majani makavu umening'inia kwenye kijitawi, au kwenye kamba yako ya nguo, umefungwa kwa utando, na tundu la kuingilia liko ubavuni. Unafanana na takataka iliyonaswa na upepo, kwa hiyo waonye watoto na mfagiaji kabla. Ndani kwa kawaida huwa na mayai mawili, au moja. Jike huatamia peke yake.

Usiuguse, usisogeze tawi ili upate picha. Keti mita kadhaa mbali na daftari lako, urudie zile safu tatu, safari hii ukiandika kinachoingia kiotani. Makinda wakishatoka kwenye mayai utamwona mama akija mdomo ukiwa na kitu chenye miguu inayochezacheza, akiingiza kichwa, akitoka mtupu, akirudi kulekule upenuni kwa bafu.

Kama kiota kiko kwenye kamba, anika nguo kwenye uzio. Toka yai mpaka kinda kuruka ni kama mwezi mmoja.